Oili Ilimwagwa Lini?

Mimi ni Bwana Shamba. Siku hizi tunaitwa maafisa ugani, lakini kijijini jina la zamani halijafa. Nina cheti cha kilimo nilichopata katika chuo cha Uyole, Mbeya. Kazi yangu ni kuwashauri wakulima wa viazi mviringo katika milima ya Uporoto. Lakini leo siandiki juu ya viazi. Naandika juu ya gari, na juu ya aibu iliyonipata.

Vijijini siku hizi kuna injini nyingi za dizeli. Kuna pikapu, kuna matrekta, kuna mashine za kusaga. Nyingi zinakufa kabla ya siku zake. Watu husema zimechoka kwa kazi. Mimi nimejifunza kwamba nyingi zinauawa na oili iliyochakaa. Na kumwaga oili ya zamani na kuweka mpya ni kazi ambayo mtu anayejua kusoma namba anaweza kuifanya mwenyewe.

Gari langu lilivyokufa

Mwaka 2014 nilinunua pikapu kuukuu ya dizeli. Nilikopa fedha katika chama chetu cha kuweka na kukopa. Nia yangu ilikuwa kubeba viazi vyangu na vya majirani hadi sokoni Mbeya. Kutoka kijijini kwetu hadi sokoni ni kilomita 40. Wakati huo sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo, yenye vilima vikali. Kiangazi ni vumbi, masika ni utelezi.

Mimi nina kazi ya serikali. Sikuwa na nafasi ya kuendesha kila siku. Kwa hiyo gari nilimpa mpwa wangu. Ni kijana mwema na anajua kuendesha. Kila alipodai fedha ya dizeli nilimpa. Kila alipodai fedha ya pancha nilimpa. Sikuandika chochote. Nilijiambia, huyu ni mtoto wa dada yangu, tutaandikiana nini?

Mwezi Machi mwaka 2016 mpwa wangu alipakia magunia 15 ya viazi. Pikapu ile ilikuwa ya kubeba tani moja. Magunia 15 yalizidi, na baadhi yalikuwa lumbesa. Viazi vilikuwa vya kikundi cha akina mama 12 wa kijiji chetu. Walikuwa wamekubaliana kuviuza ili kulipia ada na sare za watoto.

Mvua ilikuwa inanyesha. Katikati ya kilima kirefu injini ilianza kugonga. Ko, ko, ko. Kisha moshi ukatoka, na injini ikasimama. Mpwa wangu alishika breki na utingo akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Namshukuru Mungu gari halikurudi nyuma na hakuna mtu aliyeumia.

Viazi vilikaa njiani siku mbili chini ya mvua. Siku ya tatu alikuja dalali na lori. Aliona shida yetu. Gunia ambalo sokoni lilikuwa shilingi 60,000 yeye alilinunua kwa shilingi 30,000. Akina mama walipoteza shilingi 450,000 kwa siku moja.

Swali la Mama Mweka Hazina

Jioni ile nilikwenda kwa akina mama kuomba radhi. Nilikuta wamekaa kimya kwenye kibaraza. Mweka hazina wao ni mjane. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima, katika darasa la kisomo. Alikuwa ameshika daftari lake.

Aliniuliza, “Bwana Shamba, pole na matatizo. Lakini nauliza. Oili ya gari ilimwagwa lini?”

Nilisema, “Mama, ilimwagwa wakati wa Nane Nane. Nilimpa kijana shilingi 90,000 za oili na filta.”

Akasema, “Nane Nane ya mwaka jana. Sasa ni Machi. Gari limekwenda safari ngapi tangu hapo?”

Sikuwa na jibu. Mita ya kilomita ya gari ilikuwa imekufa zamani. Nilimtazama mpwa wangu. Naye akatazama chini.

Mama akafungua daftari. Kila safari ya viazi vya kikundi aliiandika: tarehe, magunia, nauli. Tulihesabu pamoja kwa kidole, mstari kwa mstari. Tangu Nane Nane zilikuwa safari 74. Kwenda na kurudi ni kilomita 80. Akazidisha kwenye ukurasa wa mwisho, pole pole, akanionyesha. Kilomita 5,920. Na hizo zilikuwa safari za kikundi peke yake. Safari zangu na za majirani wengine hazikuwemo, kwa sababu mimi sikuandika.

Kwa injini ile, katika barabara ile, oili ilitakiwa kumwagwa kabla ya kilomita 5,000.

Ndugu msomaji, mimi ndiye ninayewaambia wakulima kila msimu, “Andika tarehe ya kupanda. Andika tarehe ya kupiga dawa. Usitegemee kichwa.” Mama yule alinisikia na akafuata. Mimi mwenyewe sikujisikia. Usiku ule sikulala.

Fundi alichokikuta

Tulilivuta gari hadi Mbeya. Fundi alifungua sampo, yaani beseni la chini ya injini linalokaa oili. Oili iliyotoka ilikuwa nzito kama uji uliopoa. Beringi zilikuwa zimelika. Kranki, ule mhimili wa chuma unaozungushwa na pistoni, ulikuwa umechunwa.

Kisha fundi alinionyesha filta. Ilikuwa na maandishi ya Kijapani. Ni filta iliyokuja na gari kutoka ng'ambo. Haikuwahi kubadilishwa tangu nilinunue gari.

Nilimgeukia mpwa wangu. Alisema kwa sauti ndogo, “Mjomba, nisamehe. Siku ile gereji waliniambia oili bado nzuri. Wakaongeza lita mbili tu, wakachukua fedha yote. Mimi sikujua kutazama.” Alisema pia kwamba taa ya oili ilikuwa ikipepesa kwa muda wa wiki moja. Alidhani ni waya.

Nilitaka kugomba. Lakini nani alimfundisha kijana yule kutazama? Hakuna. Mimi mwenyewe sikujua kutazama. Nilikuwa mwenye gari asiyejua hata kijiti cha kupimia oili kiko wapi.

Matengenezo yalinigharimu shilingi 2,100,000. Hasara ya akina mama nililipa kwa awamu nne. Linganisha na shilingi 90,000 za oili na filta. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliujenga ukuta huo kwa mshahara wangu.

Nilimwomba fundi anifundishe. Alikubali. Haya ninayoyaeleza hapa ndiyo aliyonifundisha, na mengine nimejifunza kwa makosa yangu.

Kazi ya oili ni nini?

Sugua viganja vyako viwili vikiwa vikavu. Sugua kwa nguvu. Vinapata moto. Sasa paka mafuta, sugua tena. Vinateleza. Ndivyo ilivyo ndani ya injini. Vyuma vinasuguana maelfu ya mara kila dakika. Oili hukaa katikati ili chuma kisile chuma. Tena oili hupunguza joto na hubeba uchafu kuupeleka kwenye filta.

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche kama ya petroli. Inabana hewa kwa nguvu nyingi mpaka hewa inakuwa ya moto sana. Dizeli ikipulizwa humo inawaka yenyewe. Nguvu hiyo ni kubwa, na vyuma vinabeba mzigo mkubwa. Pia dizeli ikiungua hutoa masizi. Masizi mengine huingia kwenye oili.

Kwa sababu hiyo oili ya injini ya dizeli hugeuka nyeusi mapema, hata siku chache baada ya kuwekwa mpya. Usiogope weusi huo. Ni dalili kwamba oili inakusanya masizi. Lakini pia usidanganywe na rangi. Huwezi kutazama weusi na kujua kama oili imechakaa. Lazima uhesabu kilomita. Kwa mashine ya kusaga na trekta, hesabu saa za kazi. Kitabu cha injini kinaeleza kiasi. Kama unapita kwenye vumbi jingi au unabeba mizigo mizito, mwaga mapema zaidi.

Kuchagua oili

Hapa ndipo kusoma kunapokuwa faida. Tazama kopo la oili. Kuna herufi na namba.

Tafuta namba kama 15W-40. Oili hii hutumika katika injini nyingi za dizeli. Namba ya kwanza inaonyesha uzito wa oili wakati wa baridi. Namba ya pili inaonyesha uzito wake injini ikiwa ya moto.

Tafuta pia herufi mbili zinazoanza na C, kama CF au CI, mara nyingi zikifuatwa na namba 4. Herufi C inaonyesha oili ya dizeli. Herufi S inaonyesha oili ya petroli. Makopo mengine yana zote mbili. Kwa gari la dizeli, C isikosekane. Magari mapya ya dizeli yenye kichujio cha moshi yanahitaji oili ya aina yake. Kwa hayo fuata kitabu cha gari.

Tazama kifuniko. Kama kimefunguliwa au kimebandikwa upya, usinunue. Nunua na filta mpya, pamoja na washa ya nati. Oili mpya katika filta ya zamani ni kama kuoga na kuvaa nguo chafu.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Hatua ya 1. Simamisha gari mahali tambarare. Vuta breki ya mkono. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Pikapu yangu iko juu, naingia chini bila kuinua. Kama gari lako liko chini, usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ikiteleza, utafia hapo. Tumia stendi za chuma au shimo la gereji.

Hatua ya 2. Washa injini dakika kama 5, kisha zima. Oili yenye joto hutoka yote pamoja na uchafu wake. Lakini ngoja dakika 10, maana oili ya moto sana huunguza. Tia ufunguo mfukoni mwako, mtu asije akawasha gari ukiwa chini yake.

Hatua ya 3. Fungua kifuniko cha juu cha kujazia oili ili hewa iingie. Vaa glavu, au vaa mifuko ya plastiki mikononi.

Hatua ya 4. Ingia chini na beseni. Tafuta nati ya kumwagia oili, iliyo chini ya sampo. Hapa nisikilize vizuri. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii peke yangu, nilifungua nati ya gea boksi. Oili iliyotoka haikuwa nyeusi, na ilinuka vibaya. Nilidhani nimeharibu gari. Fundi alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Ilinibidi nikanunue oili ya gea boksi. Kwa hiyo, kabla hujafungua, hakikisha. Sampo iko chini ya injini yenyewe. Gea boksi iko nyuma yake.

Hatua ya 5. Legeza nati kwa spana inayoenea sawasawa. Malizia kwa vidole, na kaa pembeni, maana oili huruka. Acha itoke yote. Mimi hungoja dakika 20.

Hatua ya 6. Futa nati, weka washa mpya, rudisha nati. Anza kwa vidole. Ikikataa, usilazimishe. Itoe uanze upya. Kisha kaza kwa spana, lakini usitumie nguvu zako zote. Uzi ukikatika, kazi ni kubwa.

Hatua ya 7. Fungua filta ya zamani. Inazungushwa na kutoka kama kifuniko cha chupa. Imebeba oili, kwa hiyo weka beseni chini. Hakikisha mpira wake wa duara umetoka nao. Ukibaki mmoja na ukaweka mwingine juu yake, oili itavuja yote. Futa mahali pake. Paka oili safi kwenye mpira wa filta mpya. Ifunge kwa mkono. Mpira ukigusa chuma, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Kama filta imeandikwa maelezo mengine, fuata hayo.

Hatua ya 8. Tazama tena nati na filta. Kisha jaza oili mpya kwa juu. Injini yangu inakunywa karibu lita 6. Ya kwako soma kwenye kitabu. Usimimine yote mara moja. Bakiza kidogo, ngoja, kisha pima kwa kijiti. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena, ndipo usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Usivuke alama ya juu. Oili ikizidi sana, injini ya dizeli inaweza kuivuta na kuiunguza, ikakimbia hata ukizima ufunguo.

Hatua ya 9. Washa injini bila kukanyaga mafuta. Taa ya oili izime baada ya sekunde chache. Isipozima, zima injini mara moja utafute sababu. Ikizima, acha injini ingurume dakika 2 au 3. Tazama chini kama kuna tone. Kisha zima, ngoja dakika 10, pima tena. Ongeza kama imepungua, maana filta nayo imekunywa.

Hatua ya 10. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua daftari, andika. Kazi haijaisha mpaka umeandika.

Oili ya zamani inasema

Kabla hujaifunika oili iliyotoka, itazame. Kama imegeuka rangi kama chai ya maziwa, kuna maji ndani ya injini. Kama inang'aa chembe za chuma, kuna kitu kinalika. Kama wakati wa kupima ulikuta imepanda badala ya kupungua, na inanuka dizeli, dizeli inavujia ndani. Ukiona moja ya haya, usianze safari. Mwite fundi.

Usiimwage shambani

Sasa nasema kama Bwana Shamba.

Oili chafu ni sumu. Nimeona watu wakiipaka kwenye vidonda vya ng'ombe. Nimeona wengine wakiipaka mbwa mwenye upele. Acheni. Oili hiyo imebeba masizi na vumbi la vyuma. Hupita kwenye ngozi, na mnyama hujilamba. Hata mtu akiigusa mara kwa mara kwa miaka mingi anaweza kupata saratani ya ngozi. Upele wa mnyama una dawa yake. Muulize mtaalamu wa mifugo.

Msiimwage kwenye mfereji wala kwenye bustani. Mahali inapomwagwa majani hayaoti kwa muda mrefu. Ikiingia kwenye kisima, maji hayanyweki. Katika milima ya Uporoto na Kipengere ndiko vinakoanzia vijito vya mto Ruaha Mkuu. Maji yetu hushuka hadi mashamba ya mpunga ya Usangu, kisha huendelea hadi bwawa la Mtera. Ukimwaga oili huku juu, unammwagia mwenzako kule chini.

Mimi huirudisha oili chafu kwenye kopo lile lile la oili mpya. Nafunga kifuniko na kuandika juu yake OILI CHAFU, asije mtu akadhani ni mafuta ya kula. Naweka mbali na watoto na mbali na moto. Nikienda Mbeya naipeleka kwenye gereji inayokusanya.

Daftari la injini

Mpwa wangu bado anaendesha pikapu ile. Sikumfukuza. Tulijifunza pamoja, mimi na yeye, chini ya gari lile lile. Sasa anamwaga oili mwenyewe na mimi nashika tochi. Mita ya kilomita tuliitengeneza. Daftari linakaa chini ya kiti cha dereva, ndani ya mfuko wa plastiki. Kila mara tunaandika mambo matano: tarehe, kilomita, lita ngapi, filta imebadilishwa au hapana, na nani amefanya kazi. Mstari wa mwisho tunaandika kilomita za kumwaga tena. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha, anapima kwa kijiti. Ni kazi ya dakika moja.

Tena habebi tena magunia 15. Anabeba 10, na hakuna lumbesa.

Mwaka 2019 kikundi cha akina mama kilinunua mashine ya kusaga ya dizeli. Kabla mashine haijafungwa kwenye saruji, Mama Mweka Hazina alipigilia msumari ukutani na kutundika daftari. Mashine haina kilomita, kwa hiyo anaandika saa. Asubuhi anaandika saa ya kuwasha. Jioni anaandika saa ya kuzima. Anatoa, anapata jibu, anajumlisha na la jana.

Siku moja nilikuwepo. Kijana wa mashine alitaka kuendelea kusaga. Watu walikuwa wengi na debe zimepangwa foleni hadi nje. Mama alitazama daftari akasema, “Zima. Saa zimetimia.”

Kijana akasema, “Mama, oili bado nzuri. Tumalize foleni hii, tutamwaga kesho.”

Mama akasema, “Mwanangu, maneno hayo yaliwahi kutugharimu magunia 15 ya viazi. Zima.”

Kijana alizima. Watu waliguna, lakini walingoja. Alimwaga oili mimi nikitazama, hakuniuliza chochote, na hakukosea. Baada ya saa moja na nusu mashine ilikuwa inasaga tena. Inasaga hadi leo, na injini ni ile ile waliyoinunua.

Ndugu msomaji, pengine wewe huna gari. Lakini unga unaokula unasagwa na injini. Viazi vyako vinabebwa na injini. Pengine kikundi chako kina trekta au mashine ya pamoja. Mali ya pamoja huharibika upesi, maana kila mtu hudhani mwenzake ametazama. Katika mkutano ujao simama uulize swali alilouliza mama yule: Oili ilimwagwa lini? Usikubali jibu la “juzi juzi.” Omba kuona daftari. Kama halipo, nunueni siku hiyo hiyo, mwandike mstari wa kwanza. Wewe unayesoma gazeti hili unaweza kuwa mwandishi wake.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Yangu ilipotea hivyo, na habari niliipata kwenye daftari la mtu mwingine.